Jina Sikulitaja

Mwezi uliopita alikuja ofisini kwangu msichana mmoja kutoka Embu. Amemaliza chuo juzi juzi, na alivaa koti la heshima ambalo nilijua si lake kwa jinsi alivyokuwa akiivuta mikono kila mara. Alitaka nimwambie namna ya kuanzisha biashara ya ukocha, hii kazi ya kumsaidia mtu kupanga maisha na malengo yake, na namna ya kuikuza. Hapa Makutano, mjini Meru, mimi ndiye niliyeianza kazi hii kabla ya wengine, kwa hiyo watu huwatuma vijana kwangu. Nilimwambia aketi, nikaagiza chai kutoka hoteli ya chini, nikaanza kumweleza.

Nilimweleza mambo ya kweli. Tafuta chumba ambacho mteja ataweza kukiingia bila kuonekana na kila mtu aliye kwenye steji ya matatu. Changu kiko orofani, juu ya duka la chakula cha kuku na dawa za mifugo, na ngazi iko nyuma. Mtu akionekana akielekea huko, watu hudhani amefuata dawa ya minyoo ya mbuzi. Nunua viti viwili vinavyolingana, kwa sababu ukimkalisha mteja kwenye kiti kifupi kuliko chako umeshamshinda kabla hajafungua mdomo. Taja bei yako ukimtazama machoni, halafu unyamaze. Usimchukue ndugu yako awe mteja. Usimwahidi mtu kwamba atatajirika. Mwambie mtatembea pamoja, na mkifika mahali usipopajua umwambie hupajui. Zaidi ya yote, mwache aongee. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na sisi walimu tuna ugonjwa mbaya wa kujibu kabla swali halijaisha.

Aliandika yote kwenye simu yake, vidole vikienda mbio. Kisha akaniuliza, "Na madam, ushuhuda? Hao wateja wa kwanza walisema nini kukuhusu mpaka wengine wakaskia? Kila mahali nasoma wanasema bila ushuhuda hakuna mtu atakuamini."

Nilimwambia hilo ni swali zuri, ila tulimalize siku nyingine, maana nina mteja njiani. Sikuwa na mteja. Alipoteremka ngazi nilifunga mlango, nikaketi kwenye kile kiti cha wateja, nikalia mpaka ile chai ikaganda utando juu. Nimeona afadhali nimjibu kwa kuandika.

Mimi ni mzaliwa wa Kibugu, kule juu kwenye majani chai, nikaolewa Meru. Niliacha ualimu kabla ya wakati kwa sababu koo lilikuwa limekwisha. Binti yangu akanitafutia kozi ya ukocha kwenye mtandao, nikaisoma kwa simu jikoni, viazi vikichemka. Nilipokwenda kuchorewa bango, fundi wa mabango aliposikia neno kocha hakuuliza zaidi. Nilimkuta ameshachora mpira kwenye kona. Nikamwambia aufute, akaupaka rangi nyeupe, lakini jua la saa sita likilipiga lile bango bado mpira unaonekana. Wanaume wa steji waliniuliza mwaka mzima timu yangu inacheza lini.

Mteja wangu wa kwanza wa kweli alikuwa mama mmoja wa Mitunguu. Alikuwa mjane, amenizidi umri kwa miaka michache, mwenye sauti ya chini na mikono mikubwa. Alikuwa akinunua ndizi mashambani kule chini, anazipakia kwenye lori, zinaletwa soko la Meru na nyingine zinateremka Nairobi. Kila mkulima anayemwagilia kwa mfereji wa kule alimjua. Aliweza kuutazama mkungu ukiwa bado juu ya mgomba akakuambia utakuwa na uzito gani siku ya kukatwa, na asikosee. Kikundi chao cha wakulima kilikuwa kinatafuta mwenyekiti mpya, na wengi walimtaka yeye.

"Mwarimu," aliniambia siku ya kwanza, kwa sababu huku kwetu jina hilo halikutoki hata ukiacha chaki, "hawa watu wanataka nikuwe mwenyekiti. Na mimi nataka. Lakini kusimama mbele ya watu, hapo ndiyo kuna shida."

Nilimpa fomu. Ile kozi ilikuwa imetufundisha kwamba mteja mpya lazima ajaze fomu, kurasa mbili, malengo yako ni yapi, vikwazo vyako ni vipi. Alifungua mkoba, akatoa kifuko cha miwani, akakifungua, kikawa kitupu. "Ai, nimesahau miwani," alisema. Mimi na wepesi wangu nikavua yangu nikampa. Aliivaa. Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, macho yake hayaendi kulia wala kushoto, kisha akairudisha mezani polepole. "Hii karatasi yako iko na maneno mingi. Wewe uliza tu, nitakujibu."

Nilikuwa nimefundisha darasa la kwanza miaka tisa. Nilijua papo hapo nilichokiona, na angalau siku ile nilikuwa na akili ya kunyamaza. Ile fomu niliitia kwenye droo na tangu siku hiyo sijampa mteja yeyote fomu.

Alinieleza wiki ya tatu. Alifunga mlango mwenyewe, akarudi akaketi, akaniambia kwamba hakuwahi kusoma. Jina lake alikuwa analichora tu jinsi alivyoonyeshwa. Kile kifuko cha miwani amekibeba miaka yote bila kitu ndani. "Mzee wangu ndiye alikuwa anajua, na alienda nayo," alisema. "Watoto hawajui. Kwa kikundi hawajui. Mwarimu, isitoke hapa."

Nilimwambia haitatoka. Nakumbuka hata nilivyomshika mkono.

Basi tukaanza. Alikuwa anakuja Jumanne na Ijumaa asubuhi, duka la chini likiwa bado linafunguliwa, kabla hajakwenda soko. Nilimwandikia herufi kubwa nyuma ya kalenda za zamani. Sikumwanzisha na a, e, i, o, u. Nilimwanzisha na kile alichokitaka, ajenda ya mkutano. Maombi. Kuwakaribisha wanachama. Kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Yatokanayo. Hilo neno la mwisho lilimtesa. Alilishika kwa kidole silabi moja moja, akifika katikati anapoteza mwanzo, anarudi. Siku aliyolimaliza lote kwa mkupuo mmoja aliipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka, akacheka, na mimi nikacheka, na mwenye duka la chini akagonga dari kwa ufagio. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama siku ile.

Wakati huohuo nilikuwa na wateja watatu tu. Yeye, kijana mmoja wa kinyozi, na mwalimu mwenzangu aliyekuwa anakuja kwa kunionea huruma. Mwenye kuendesha ile kozi alitutumia ujumbe kwamba biashara ya ukocha haikui kwa mabango, inakua kwa ushuhuda wa waliosaidika. Neno lile liliniingia. Neno hilo mimi sikufundishwa na mtandao. Nililelewa ndani yake.

Nyumbani Kibugu, kila Alhamisi wanawake wa kanisa walikusanyika kwa zamu, na mama yangu alikuwa hawezi kurudi bila kutoa ushuhuda. Husimama, husema Bwana asifiwe, kisha husema alikuwa nani na sasa ni nani. Nilimsikia akisema mbele ya wanawake mambo ambayo hakuwahi kumwambia baba. Waliimba, wakamkumbatia, na mzigo ukawa umeshuka. Nilikua nikiamini kwamba hakuna jambo linaloharibika kwa kusemwa mbele ya wanawake wanaoomba. Hapa mjini, kanisani kwetu, mambo ni yaleyale. Mtu asiye na ushuhuda huonekana kama amekuja mikono mitupu.

Kwa hiyo siku ya Jumamosi moja, katika mkutano wa pamoja wa kina mama kutoka makanisa ya juu na ya chini, nilisimama. Nilisema Bwana asifiwe. Nikasema Mungu amenipa kazi mpya ya kuwasaidia watu, na nina ushuhuda. Kuna mama mmoja, nikasema, jina sitalitaja. Ananunua ndizi upande wa chini. Alikuwa hajui hata herufi moja, akificha miaka yote kwa kifuko cha miwani, na leo anaweza kusoma ajenda ya mkutano kuanzia maombi hadi mengineyo.

Walipiga makofi. Mmoja akaanzisha pambio, wakasimama wote wakaimba. Mkutano ulipokwisha walinizunguka wakitaka namba yangu ya simu, na nikaiandika kwenye vipande vya karatasi mpaka wino ukaisha. Nilirudi nyumbani nikipitia kwa mwenye nyama. Nilikuwa na furaha, na sitajifanya kwamba furaha ile yote ilikuwa ya Mungu. Nusu ilikuwa ya vile vipande vya karatasi. Hata leo sijui nusu gani ilikuwa kubwa.

Jina sikulitaja. Nilijifariji kwa maneno hayo mawili muda mrefu sana. Lakini niambie, kina mama wangapi wa kanisa letu wananunua ndizi kule chini na kutembea na kifuko cha miwani? Nilikuwa nimewapa kila kitu, nikabakisha jina ambalo tayari walikuwa nalo.

Jumanne iliyofuata alikuja kama kawaida. Hakuwa amesikia bado. Mkutano wa kuchagua ulikuwa siku ya Ijumaa, na yeye alitaka kurudia ajenda mara ya mwisho. Aliisoma vizuri, bila kusimama. Hapo ndipo ningemwambia. Nilikuwa na saa nzima. Nilimwambia badala yake kwamba wiki ijayo tutaanza mwandiko wa mkono, ule wa kuunganisha herufi, kwa sababu hadi siku hiyo alikuwa anaweza kusoma herufi zilizoachana tu, zile kubwa nilizomwandikia mimi. "Wiki ijayo nitakuwa nakuja kama mwenyekiti," alisema, akaikunja kalenda yake akaitia kwenye mkoba.

Ijumaa sikuwapo. Yaliyotokea nilielezwa Jumapili baada ya ibada na kiongozi wa kina mama wa kanisa letu, mzee wa makamo ya mama yangu. Aliniita nyuma ya jengo, kwenye bomba la maji, kina mama wengine wakiwa mbali wakiosha vikombe.

Walikuwa wamekusanyika kwenye ukumbi wa kituo chao cha kupimia ndizi. Kabla ya kura, mwanamke mmoja, shemeji wa mtu mwingine aliyekitaka kiti kile, alisimama akasema kuna barua imeletwa na afisa wa kilimo, na ni vizuri mwenyekiti mtarajiwa awasomee. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono. Akampelekea mpaka pale alipoketi. "Na leo mama," alimwambia, "si umekuja na miwani?"

Watu wengine walicheka, wengine hawakuelewa bado. Mteja wangu aliipokea ile barua kwa mikono miwili. Alisimama, maana alikuwa amejifunza kwangu kwamba kiongozi husoma akiwa amesimama. Aliitazama. Akaanza neno la kwanza, akalipata. La pili akalipata. La tatu akalishika silabi moja moja kwa kidole, kama tulivyokuwa tukifanya mezani kwangu, na ukumbi wote ukikitazama kile kidole. Akarudi mwanzo. Kisha akaikunja barua vizuri, akamrudishia yule mwanamke, akachukua mkoba wake, akatoka.

"Nani aliwaambia?" nilimuuliza yule mama kiongozi, ingawa nilikuwa najua.

"Wewe uliwaambia," alisema. "Mtu anatoa ushuhuda yake. Wewe umepeana ya mtu mwingine, na mwenyewe hayuko." Hakunigombeza zaidi. Alifunga bomba, akaenda kusaidia vikombe.

Siku iliyofuata niliteremka Mitunguu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, kwa mbwa. Alinipokea mlangoni. "Karibu, Mwarimu." Alinikalisha kwenye kiti chenye kitambaa, akaniletea maji ya kunawa, kisha chai, kisha ndizi zilizopikwa na nyama. Alinieleza kwamba maji ya mfereji yamepungua na migomba ya jirani imeingiwa na ugonjwa. Nilipofungua mdomo kumwomba msamaha, alinisogezea sahani. "Kula, Mwarimu. Inapoa."

Nilijaribu tena. Alisimama kuniongezea chai ambayo sikuwa nimeipunguza. Nilipoaga alinisindikiza hadi langoni kama mgeni anavyosindikizwa, na akanibebesha ndizi. Mtu akikupigia kelele bado amekuacha ndani ya nyumba. Mimi nilitendewa adabu yote ya mtu wa nje, na sikupata pa kuanzia.

Hakurudi tena ofisini. Kwenye kikundi alijiondoa. Baada ya muda nikasikia ameacha na ununuzi wa ndizi, lori limechukuliwa na mwingine, na yeye amebaki na shamba lake tu. Kazi ile yote ilikuwa kichwani mwake, mikungu na mashamba na tabia za wakulima, na sasa anapalilia mahindi.

Na hapa ndipo nataka yule msichana wa Embu asome vizuri, kwa sababu hili hakuna atakayemwambia. Biashara yangu ilikua. Wale niliowaandikia namba yangu siku ya makofi walianza kupiga. Alikuja mama wa mitumba, akamleta dada yake, dada akamleta mume, mume akawaleta mafundi wenzake wa jua kali. Sasa nina viti sita na msaidizi wa kupokea simu. Ukifuata njia ya karibu kila mteja wangu kurudi nyuma, inakufikisha Jumamosi ile, nimesimama mbele ya kanisa na siri ya mtu mdomoni. Ushuhuda unafanya kazi, binti yangu. Waliokuambia hivyo hawakukudanganya. Mimi huwa nawasikiliza wateja wangu, nawasaidia kwa kadiri ninavyoweza, na kila mtu anaposema mbele yangu "isitoke hapa" mimi hutazama meza.

Niliyaandika haya kwa siku kadhaa. Nilipomaliza niliona kwamba nimefanya jambo lilelile. Jina sikulitaja, lakini ndizi zimo, kifuko kimo, Mitunguu imo. Basi nikazichukua karatasi nikateremka kwake. Nimeongeza sehemu hii ya mwisho baada ya kurudi.

Nilimkuta uani akichagua maharagwe. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinikaribisha vilevile, kiti kilekile. Nilimwambia nimeandika habari yetu, na sitaipeleka popote bila ruhusa yake, na akisema hapana nitaziweka karatasi hizi kwenye moto wake wa jikoni hapo hapo. Nikamuuliza kama nimsomee.

"Lete," alisema.

Alifungua mkoba. Akatoa kile kifuko cha miwani, akakifungua, na ndani mlikuwa na miwani. Akaivaa. Ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimeandika kwa mkono, kwa ule mwandiko wangu wa ualimu wa kuunganisha herufi, na nikanyoosha mkono nizichukue. Akazivuta upande wake. Aliniambia bila kuinua macho kwamba anakwenda gumbaru, darasa la watu wazima, pale karibu na kwa chifu, muhula wa nne sasa. Hakuwa na cha kuficha tena, kwa hiyo alikwenda mchana, watu wakimwona.

Alisoma kwa sauti. Alisoma polepole, kidole chini ya maneno. Alisoma kuhusu chumba changu na viti vyangu, na kwenye mpira wa bango alitabasamu kidogo. Alisoma kuhusu mikono yake mikubwa, akaitazama. Alipofika kwenye yatokanayo alilipita bila kusimama. Alisoma makofi, alisoma pambio. Sikuwahi kumsikia akisoma kurasa nzima hadi siku hiyo, na kurasa zenyewe zilikuwa hizi. Alipofika ukumbini, kwenye barua, sauti ilishuka, akaendelea kimoyomoyo, midomo tu ikicheza. Nilikaa pale nikitazama maharagwe.

Alipomaliza alizipanga karatasi zikalingana, akazikunja, akanirudishia kwa mikono miwili. Nilimwambia tena kuhusu moto.

Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akairudisha kwenye kifuko.

"Peleka tu, Mwarimu," alisema. "Saa hii ni nani hajui?" Kisha akaniuliza kama nitakula ndizi hapo au anifungie nibebe.